Fundi Komeo na Selo ya Serikali Tatu

Fundi Komeo alikuwa na miaka hamsini na mbili, na katika miaka yote hiyo jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye kitabu cha askari yeyote. Si kwa wizi, si kwa ugomvi, hata si kwa kukojoa ukutani, jambo ambalo wanaume wa mtaa wake walilifanya kila jioni kana kwamba ukuta umewatukania mama zao. Alijivunia mikono yake, na aliisifia mbele ya kila mteja, lakini jina lake alilijivunia zaidi.

"Mwashi anaweza kuwa mlevi," alipenda kusema huku akipuliza vumbi la chuma kwenye tundu la ufunguo. "Seremala anaweza kuwa mwongo, na wengi ni waongo, ninao majirani. Mimi nimeshika funguo za nusu ya mji huu. Siku nikiandikwa polisi, hata kwa kosa la kupiga chafya, nani ataniita tena nimfungulie chumba cha kulala?"

Na hakuwa anajitapa bure. Juu ya ukuta wa banda lake, ndani ya fremu yenye kioo, kilining'inia kibali cha ufundi wa vitasa. Kibali hicho kilifanywa upya kila mwaka, na fomu yake ilikuwa na swali moja tu lenye meno: Je, umewahi kukamatwa? Kila mwaka Komeo alijibu HAPANA kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu mpaka jibu likasomeka hata kwenye ukurasa wa pili. Aliyejibu NDIYO alinyang'anywa kibali, awe aliua mtu au alitupa ganda la ndizi. Fomu haikuwa na nafasi ya maelezo.

Basi, Jumanne moja saa tatu asubuhi, koplo mwembamba alisimama mbele ya banda lake.

"Fundi, mlango wa selo yetu haufungi."

"Mnafungaje watu?"

"Tunawaomba."

Komeo aliweka tupa chini. "Nani ananiita? Mji, mkoa au taifa?"

Hilo halikuwa swali la kipuuzi. Jengo la askari lilikuwa na ghorofa mbili juu ya chini, na kila sakafu ilikuwa na serikali yake. Chini walikaa askari wa mji, wenye kushughulika na makelele, takataka na wachuuzi wa njiani. Ghorofa ya kwanza ilikuwa ya polisi wa mkoa, wenye wizi, ngumi na barabara zinazotoka mji mmoja kwenda mwingine. Ghorofa ya pili walikaa wapelelezi wa taifa, ambao hakuna aliyejua wanafanya nini, nao walipenda ibaki hivyo. Ukiiba kuku sokoni wewe ni wa mji. Ukikimbia naye ukavuka daraja, umekuwa wa mkoa. Ukivuka naye mpaka wa nchi, kuku huyo amepanda cheo, analetewa faili lenye kamba nyekundu. Kila sakafu ilikuwa na mkubwa wake, muhuri wake, na hata ufagio wake, na ole wake mfagiaji aliyevusha vumbi ngazini.

Kitu kimoja tu walikitumia pamoja, selo. Ilikuwa chini, mwisho wa ukumbi. Kila serikali ilisubiri nyingine ijenge ya pili, na zimesubiriana hivyo tangu koplo huyu hajaota ndevu.

"Njoo tu," koplo alisema. "Karatasi zitafuata."

Hapo ndipo Komeo alipokosea, yeye mtu mzima. Angemwambia karatasi zitangulie. Lakini alisikia kitasa kimewashinda askari wa ngazi tatu, kichwa kikamvimba, akabeba mfuko wake wa vyombo.

Kazi ilimchukua saa mbili. Kitasa cha zamani kilikuwa kimelika kama jino la mla sukari. Akakitoa, akapanua tundu kwa patasi, akapachika kipya, kizito, chenye ulimi wa chuma unaojifunga wenyewe mlango ukisukumwa. Waliokuwa ndani walimtazama kwa chuki. Walikuwa watatu, mmoja wa kila serikali.

"Fundi," alisema kijana mmoja aliyekamatwa akichuuza miwani ya jua kandokando ya barabara, "unajua kabla hujaja tulikuwa tunatoka kununua sigara?"

"Na mnarudi?"

"Tungekwenda wapi? Viatu vyetu viko kwa koplo."

Komeo alikuwa na desturi moja ya kazi, na hakuna fundi mwingine mjini aliyekuwa nayo. Hakukabidhi kitasa bila kukijaribu pande zote mbili. Alikijaribu kwa nje mara tatu. Kisha akaingia ndani, akaacha mfuko wake ukumbini, akauvuta mlango.

Ulimi uliingia mahali pake kwa sauti laini, *kacha*, kama mtu anayefunga kopo la mafuta. Komeo alifumba macho kwa raha. Akasukuma. Mlango haukutikisika hata kwa unene wa kucha.

"Sawa kabisa, koplo," aliita. "Nifungulie."

Hakuna aliyekuja. Ilikuwa saa sita, na saa sita ndiyo saa ya kubadilishana zamu. Koplo mwembamba alikuwa ameshatundika funguo kwenye msumari na kuondoka. Na hakuondoka kwenda nyumbani tu. Siku hiyo likizo yake ya mwaka ilikuwa imeanza, na alikuwa ndani ya basi la kwenda kwao, simu ameizima ili mkubwa asije akabadilisha mawazo.

Dakika kumi baadaye akaja koplo wa mchana, mtu wa mwili, mwenye vitabu vitatu kwapani. Cha mji kilikuwa na jalada la kijani, cha mkoa la buluu, cha taifa jekundu. Kazi yake ya kwanza kila zamu ilikuwa kuhesabu vichwa. Akahesabu vine. Akafungua vitabu. Akahesabu tena, safari hii kwa kidole.

"Wewe wa nani?" alimwuliza Komeo kupitia nondo.

"Wa mama watoto."

"Usinifanyie mzaha. Wa mji, wa mkoa, au wa taifa?"

"Mimi ndiye fundi, bwana. Nilikuwa najaribu kitasa, mlango ukajifunga. Umeona jinsi unavyojifunga? Nifungulie."

Koplo alitazama sakafuni, akaona mfuko wa Komeo umefunguka, na ndani yake funguo mia mbili, bisibisi za kila urefu, na nyaya zilizopindwa kwa ustadi. Akauinua kwa vidole viwili. "Hiki ni kidhibiti."

"Hivyo ni vyombo vya kazi."

"Ndiyo. Kazi gani?"

Mchuuzi wa miwani alicheka mpaka akakohoa. Komeo hakucheka. Alieleza upya, taratibu, kuanzia banda lake mpaka kwenye ulimi wa kitasa, na koplo alisikiliza kwa heshima, maana hakuwa mtu mbaya. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu, kwamba alikuwa mwangalifu.

"Mzee wangu, nakuamini," alisema mwishowe. "Hata sura yako si ya mwizi, ni ya mtu wa kuibiwa. Lakini tazama kitabu. Safu ya kwanza, kukamatwa. Safu ya pili, kuachiwa. Safu yako ya kwanza iko tupu kwenye vitabu vyote vitatu. Sasa nitaandikaje ya pili?"

"Usiandike chochote. Fungua tu."

"Nifungue selo, mtu atoke, nisiandike? Hiyo inaitwa kutorosha. Ukipata serikali moja ikakuandika kwamba ilikukamata, mimi nakuachia hapohapo." Akaondoka na mfuko.

Komeo aliketi kwenye benchi la saruji. Aliyekaa pembeni yake alikuwa mzee nadhifu wa magendo, aliyekamatwa mpakani na lori la betri za simu, na mwenyewe alitaka aitwe Mheshimiwa. Wa tatu alikuwa dereva aliyempiga shemeji yake kwa spana kwenye barabara kuu.

"Umefanya kosa gani?" aliuliza Mheshimiwa.

"Sijafanya."

"Hilo ndilo baya zaidi. Mwenye kosa ana mwenyewe. Mimi hapa nina inspekta wangu juu, ana faili langu, ana picha yangu ya pande mbili. Nikipotea, kuna mtu atasumbuka. Wewe utamsumbua nani?"

"Ananikera huyu," dereva alisema. "Tangu aletwe anajisifu kwamba yeye ni wa taifa, kana kwamba amechaguliwa timu ya mpira."

"Sikujisifu. Nimesema tu wewe ni wa mkoa."

"Na mimi wa mji," alidakia mchuuzi, "mdogo wenu, niko hapa siku ya tatu kwa miwani kumi na nne. Baba, umeambiwa habari ya karandinga?"

Komeo hakuwa ameambiwa. Karandinga ni lile gari la bati lisilo na madirisha, na lilikuja kila Jumanne saa tisa alasiri kuchukua waliomo seloni na kuwapeleka gereza kuu, mwendo wa siku nzima. Huko mtu alikaa mpaka ifike zamu yake ya kusikilizwa na hakimu. Dereva alikuwa na binamu aliyekwenda huko kwa wiki mbili, na sasa binamu huyo alikuwa na miezi saba na ameanza kuimba kwenye kwaya.

"Wanachukua wanaoitwa kwa majina, au wote?" Komeo aliuliza.

"Hatujui," alisema Mheshimiwa. "Hakuna aliyerudi akatueleza."

Saa saba mkewe alifika. Alikuwa mwalimu wa watoto wa chekechea, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kunyamazisha watoto sitini na mvua pia. Jirani wa banda alimwambia mumewe amefuata askari tangu asubuhi, naye alikuja akidhani atamkuta anakunywa chai na kujisifu. Alimkuta ameshika nondo.

"Baba watoto, hebu toka huko."

"Siwezi."

"Wewe ni fundi wa nini?"

"Nimekiweka vizuri mno," Komeo alisema, na hata hapo, Mungu amsamehe, kulikuwa na majivuno kidogo kwenye sauti yake. "Hakifunguki kwa ndani hata kwa mimi."

Akamweleza. Mkewe hakupoteza muda kulia. Alikunja mkoba kwapani akapanda ngazi, na kwa nusu saa nzima watu wa seloni walisikia sauti yake ikipanda kutoka sakafu hadi sakafu, kisha ikishuka. Alirudi amefura.

"Ghorofa ya kwanza," alisema, "nimemkuta sajini wa mkoa anajipepea na faili. Ananiuliza, 'Alikamatiwa wapi?' Nikamwambia hakukamatwa, alikuwa anatengeneza mlango. 'Mlango wa nani?' Wa kwenu. 'Mama, jengo ni la mji, mlango ulinunuliwa na mkoa, ila vitasa vyote viko chini ya taifa kwa sababu za usalama. Aliyegusa kitasa amegusa taifa.' Nikapanda taifa."

"Wakasemaje?"

"Inspekta wao ana meza kubwa haina kitu juu yake. Ananiambia wao hawashughuliki na mtu mmojammoja, wanashughulika na mitandao. Nikamwambia mtandao pekee wa mume wangu ni wa buibui, uko juu ya dirisha la banda lake, na amekatazwa na mimi kuuondoa kwa sababu unakula mbu. Akaandika. Nakuapia, baba watoto, aliandika. Kisha ananiambia mtu aliyefungiwa kwa makosa ndani ya selo ni ajali ya jengo, na jengo ni la mji, nishuke chini."

"Na mji?"

"Mji ni huyu bwana wa vitabu. Amenipa kiti."

Saa nane ikapita. Mkewe alijaribu njia nyingine. Alimwambia koplo anataka kuandikisha mtu aliyepotea.

"Amepotelea wapi?" koplo aliuliza, kalamu tayari.

"Humo ndani."

"Kama unajua alipo, mama, hajapotea."

Hapo ndipo koplo naye alipoanza kutoka jasho. Karandinga lingefika, na mtu wa ziada angekuwa swali, na swali lingemwangukia yeye. Saa nane na nusu alikuja kwenye nondo akiwa na kitabu cha kijani na sauti ya kirafiki.

"Mzee, nimepata dawa. Nakuandika mimi, upande wa mji. Uzururaji. Ni kosa jepesi kuliko yote duniani. Naandika kukamatwa, naandika onyo, naandika kuachiwa, dakika tano uko nyumbani unakula."

"Pokea," alisema Mheshimiwa mara moja. "Mji ni mahali pazuri pa kuwa mhalifu. Taifa wanakuvua mpaka meno."

"Pokea," mkewe alisema.

Komeo alikitazama kitabu cha kijani. "Na fomu ya kibali?"

"Fomu gani?"

"Mwezi wa kwanza. Umewahi kukamatwa. Nitaandika nini?"

"Utaandika hapana, kama kila mwaka."

"Niwe mwongo kwa herufi kubwa? Kitabu hiki kitakuwa na jina langu, mama watoto. Mtu yeyote akifungua ataliona. Nikiandika ndiyo, banda limefungwa. Watu hawatauliza ni uzururaji au ni nini. Watasema yule fundi wa funguo, yule aliyekamatwa na mfuko wa nyaya."

"Na ukipelekwa gereza kuu, jina lako safi litanilipia nini? Litakuja kulala upande wako wa kitanda?"

"Nikitoka hapa nimechafuka nitakwenda kufanya nini? Sijui kitu kingine. Hata kuchinja kuku hunishinda."

Mkewe alimgeuzia mgongo, na Komeo alimjua vya kutosha kutambua kwamba anafuta macho. Hilo lilimwuma kuliko nondo zote. Akanyoosha mkono. "Lete kitabu nisome kwanza."

Koplo alikigeuza na kukibandika kwenye nondo. Komeo alisoma kama anavyochungulia tundu la ufunguo, jicho moja limefumbwa, bila haraka. Mstari uliokuwa wazi ulisubiri jina lake. Mstari wa juu yake ulikuwa na jina la kijana wa miwani. Kosa, kuchuuza bila kibali. Uamuzi, onyo. Tarehe, Jumapili.

"Koplo, huyu mlimpa onyo juzi."

"Ndiyo."

"Mbona yupo hapa?"

"Karatasi yake ya kutoka iko juu inasainiwa."

"Juu wapi? Huyu si wa mji?"

Koplo alichomeka kalamu mfukoni. "Akishaingia selo ya pamoja," alisema polepole, "anatoka kwa sahihi za pamoja. Ni utaratibu tu. Hazichukui muda."

"Siku tatu, baba," mchuuzi alisema kutoka pembeni. "Na mimi niliambiwa dakika tano."

Komeo alirudisha kitabu. "Sitaki."

"Mzee, gari linakuja."

"Lije. Usiandike jina langu. Ukiliandika bila ridhaa yangu, mke wangu huyu ni shahidi, na ameniona nikikataa."

"Nimemwona," mkewe alisema bila kugeuka. "Mjinga kabisa. Lakini nimemwona."

Saa tisa kamili karandinga lilirudi kinyumenyume uani, likitoa moshi. Aliyeshuka alikuwa askari wa magereza, mzito, kijiti mdomoni, na mkononi karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Mtu huyu hakuwa wa mji wala wa mkoa, na ingawa mshahara wake ulitoka taifa, hakuwapenda wa ghorofa ya pili hata kidogo. Kazi yake alikuwa akiieleza kwa maneno matatu: hatukamati, hatuachii, tunabeba.

Koplo alifungua mlango. Ufunguo ulizunguka bila kelele, na Komeo, pamoja na woga wote uliomjaa, alisikia jinsi ulivyozunguka vizuri.

"Wa taifa, mmoja," alisoma askari wa magereza. Mheshimiwa alisimama, akajikung'uta suruali. "Wa mkoa, mmoja." Dereva akatoka. "Wa mji, mmoja."

Kijana wa miwani hakusimama. "Mimi nina onyo," alisema. "Mjomba, soma vizuri. Mimi nimeachiwa."

"Hapa sioni kuachiwa. Naona jina. Twende."

"Koplo, mwambie."

Koplo alikuwa anatazama jalada la kitabu. Kijana alitolewa kwa mkono, na mlangoni akageuka kwa Komeo, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kugeukiwa. "Baba, mama yangu anauza mkaa nyuma ya kinu cha unga. Mwambie nilipo. Na trei yangu ya miwani iko chini ya meza ya koplo."

Ikawa amebaki Komeo peke yake, amesimama katikati ya selo kama kiti kilichosahauliwa baada ya hafla.

"Na huyu?" aliuliza askari wa magereza.

"Huyu naye mchukue," koplo alisema kwa haraka. "Karatasi zitafuata."

Askari wa magereza alitoa kijiti mdomoni. "Kwangu karatasi hutangulia. Mwaka juzi mlinipa mmoja hivyohivyo, karatasi zitafuata. Hazikufuata. Hatuwezi kumwachia kwa sababu hatukumpokea. Yupo mpaka leo. Tumemfanya mpishi, na anapika vibaya." Akakunja karatasi yake mara nne. "Nimeandikiwa watatu, ninao watatu. Wewe mzee, umesimama hapo unasubiri nini? Toka, tufunge mlango."

Komeo alitoka.

Hakuna king'ora kilicholia. Hakuna aliyemshika. Alipiga hatua nne ukumbini, akanyoosha mkono kwenye mfuko wake uliokuwa juu ya meza ya koplo.

"Hicho ni kidhibiti," koplo alisema, lakini kwa sauti ya chini.

"Cha kesi ipi?"

Koplo alitazama kitabu cha kijani, cha buluu, na chekundu. Akausogeza mfuko kwa Komeo kwa kidole kimoja. Laiti jina la Komeo lingekuwa kwenye mstari ule wa wazi, lingekuwa pia kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne, maana ile karatasi ilinakiliwa kutoka vitabu saa tisa kasoro dakika kumi. Mkewe alilitambua hilo walipofika barabarani, akasimama ghafla, akamgeukia mumewe.

"Usijisifu," alimwonya.

"Sijasema kitu."

"Uso wako umesema."

Hawakwenda nyumbani moja kwa moja. Walipita nyuma ya kinu cha unga, wakamtafuta mama muuza mkaa, na Komeo akaona ni kazi ngumu kuliko kitasa chochote kumweleza mwanamke yule kwamba mwanawe ameachiwa na kwamba amepelekwa gereza kuu.

Alhamisi jengo lilizinduka. Mtu alitoka selo ya serikali tatu bila kuandikwa, na mkubwa fulani, mbali huko, aliuliza, akataka jibu kabla ya Jumatatu. Sasa kila sakafu ilitaka iandikwe kwamba mtu huyo hakuwa wake. Ijumaa asubuhi wakaja bandani watu watatu, kila mmoja na barua yake na muhuri wake, na walikuwa wamekutana njiani bila kupenda. Sajini wa mkoa. Mpelelezi wa taifa, aliyevaa shati la maua ili asitambulike. Na koplo wa mchana, mwenye miwani mpya ya jua.

"Ni sahihi tu, fundi," sajini alisema. "Unathibitisha kwamba hukuwahi kushikiliwa na mkoa."

"Wala na taifa," alisema shati la maua.

"Wala na mji," alisema koplo.

Komeo alizisoma zote tatu, jicho moja limefumbwa. Kwa mujibu wa barua hizo, Jumanne kuanzia saa sita hadi saa tisa yeye hakuwa popote duniani. Kwa mtu anayelinda jina lake, hazikuwa barua mbaya. Mkewe, aliyekuwa amemletea chakula, alishaanza kutafuta kalamu.

"Nitasaini," Komeo alisema. Akazikunja, akaziweka mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. "Zote tatu, kwa herufi kubwa. Siku kijana wa miwani atakaposimama hapo mlipo."

"Huyo si wetu," walisema wote kwa pamoja, kisha wakatazamana.

"Basi mtafuteni ni wa nani. Nyie ndio wapelelezi."

"Fundi, hilo linahitaji barua ya mji kwenda mkoa," sajini alianza, "mkoa uombe taifa, taifa liwaandikie magereza, magereza wajibu kwa njia hiyohiyo. Unaelewa jinsi ngazi zilivyopangwa?"

"Naelewa. Nimekaa chini yake saa tatu." Akachukua tupa, akaanza kuchonga ufunguo wa mteja. "Karatasi zenu zitafuata."

Waliondoka wamenuna, kila mmoja kwa njia yake. Na lile jengo, ambalo lilishindwa kumtoa mtu kutoka chumba kimoja hadi ukumbini kwa saa tatu, safari hii liliandika barua saba kwa mchana mmoja. Wafagiaji walisema waliwaona wakubwa wakikimbia ngazini na mihuri mikononi, mkoa ukiingia taifa bila kubisha hodi. Si kwa ajili ya kijana, wala kwa ajili ya mama yake wa mkaa. Walitaka sahihi ya fundi kabla ya Jumatatu.

Jumapili jioni kijana aliletwa bandani kwa gari la mkoa, lenye mafuta ya mji, likiendeshwa na mtu wa taifa, na nyuma amekaa koplo wa mchana na trei ya miwani mapajani. Alikuwa amekonda, ananuka dawa ya kunguni, na alikuwa bado hana viatu. Komeo alimtazama juu mpaka chini, akatoa barua mfukoni, akazisaini moja baada ya nyingine juu ya mgongo wa koplo, akikandamiza kalamu mpaka koplo akalalamika.

Kijana hakusikiliza lolote kati ya hayo. Alikuwa amepiga magoti mbele ya trei yake, anahesabu.

"Zilikuwa kumi na nne," alisema, akainua macho kwa koplo. "Hizo ulizovaa, afande, ni za kike."